Mama Ngoie Alipoitika Mstarini

Enzi zetu, sisi watoto wa kambi ya askari pale Élisabethville, tuliamshwa na tarumbeta, si na jogoo. Tulicheza gwaride kwa bunduki za mabua ya mahindi, tukala ugali wetu wa bukari na sombe ya majani ya muhogo, huku macho yakituwasha kwa moshi wa mitambo ya shaba. Watoto wa leo wakitembea hatua kumi wanaomba teksi.

Jirani yetu alikuwa Mama Ngoie, mke wa sajini. Alimfuata mumewe vitani mpaka Tabora, sanduku la risasi kichwani. Huko baba yangu alipigwa risasi ya mguu, na Mama Ngoie akambeba mgongoni siku mbili. Baba alitusimulia hayo nyumbani tu. Nje hakuthubutu, maana wanawake waliokwenda vitani waliitwa malaya.

Sajini alipokufa kwa homa, karani alimwambia mjane ahame kambini kabla ya Jumapili.

"Miye pia nilitumika kazi ya askari," Mama Ngoie akasema.

Karani akacheka. "Mwanamuke hawezi kuwa askari. Jina yako haiko mu kitabu."

Kesho yake asubuhi Mama Ngoie alivaa koti la marehemu, akasimama mstarini na wanaume. Jina la sajini lilikuwa halijafutwa bado. Karani alipolisoma kwa mazoea, Mama Ngoie akaitika kwa nguvu: "Présent!"

Askari wakaangua kicheko. Sisi watoto tuliokuwa kwenye ua tukacheka pia. Luteni, Mzungu, hakucheka. Alimnyooshea baba kidole: amtoe.

Baba alisita. Kisha akamshika mkono, akamburuta, yeye mwenyewe akichechemea. Mama Ngoie hakupigana. Alisema tu, "Weye baba, ulinenepa. Leo singeweza tena kukubeba."

Mchana baba hakugusa chakula. Mama yangu akamwuliza, "Uliogopa nini?"

"Fimbo," akajibu.

Mama Ngoie alishika njia ya Mokambo peke yake. Hatukupata habari zake tena.

Siku hizi mabinti wanavaa kombati, majina yao yameandikwa, na watu wanawapisha barabarani. Mjukuu wangu ni mmoja wao; juzi alinilalamikia kwamba buti zinambana. Wenzangu wa rika langu wanatamani enzi zetu zirudi. Hata mimi naitamani michezo ile na kelele zetu. Lakini asubuhi ile isirudi, maana najua baba angemtoa tena.