Kofia ya Sweta Kwenye Jua la Same

Jirani yetu alipofungua kibanda cha kunyolea, vijana wote wa mtaa tulimwahidi vichwa vyetu. Likizo ilipofika nikaenda kunyoa saluni ya stendi, yenye muziki na taa za rangi. Kurudi nyumbani lazima nipite kwake, kwa hiyo nikajifunika kofia ya sweta, jua la Same likinikaanga.

Nilimkuta anafagia sakafu isiyo na unywele hata mmoja.

“Dogo, joto hili na sweta? Unaumwa?”

“Malaria, kaka. Niandalie jeneza.”

Hakucheka. Alitupa ufagio, akanifunua kichwa anipime homa kwa kiganja. Kiganja kikatua kwenye kipara kinachonukia spiriti.

“Wamekunyoa vizuri,” alisema taratibu.

Nilitamani nywele ziote palepale, nikae kwenye kiti chake.