Jiwe Jeupe la Mjomba Wekesa

Jumamosi asubuhi, Nakuru. Niliondoka kwa sababu ya jiwe. Mjomba wangu Wekesa, ndugu wa mama, alichunga ng'ombe katika shamba la mzungu mmoja upande wa Elmenteita. Alinitumia jiwe jeupe na barua fupi: amegundua chokaa kwenye ukingo wa korongo, Jumatatu anaacha kazi, aanze kuchoma chokaa yake mwenyewe. Mimi nilikuwa mwashi wa reli, kwa hiyo nikamjengee tanuri. Nilipolishika lile jiwe nikaingiwa na hofu. Lilikuwa jepesi mno kuwa jiwe la chokaa. Na siku zile aliyeacha kazi shambani alihama siku hiyohiyo, yeye, mke na mifugo, asijue pa kulala.

Saa tatu, stesheni. Askari alikagua kipande changu, kile kitambulisho tulicholazimishwa kubeba, akachungulia kikapu. Ndani mlikuwa na mkate, sukari, malimau mawili na donge la jiwe la chokaa nililookota kwenye yadi yetu.

"Unapelekea nani mawe?"

"Mjomba."

"Huko kwake mawe imeisha?"

Hata mimi nilicheka. Gari la moshi likatupitisha Lanet na Mbaruk, tumebanana daraja la tatu, vumbi jeupe likiingia madirishani. Ningetoa mengi leo kupanda tena gari lile, na ile harufu yake ya makaa na ndizi mbivu.

Adhuhuri, Elmenteita. Mjomba alikuwa akinisubiri, amevaa koti lake kuukuu la kaki. Kifuani alibandika beji ya shaba ya enzi alipokuwa hamali wa reli, imekuwa nyeusi kama chungu. Njia nzima alizungumzia tanuri.

"Kanisa itapakwa chokaa yangu. Shule pia. Wewe utaona, mpwa wangu."

Kwetu mjomba haambiwi amekosea, tena na kijana aliyemlea mgongoni. Nikajifanya mjinga.

"Mjomba, mimi nimezoea chokaa ya gunia tu. Nifundishe kuijua ikiwa bado jiwe."

Alasiri, uani kwake. Mkewe, Mama Rebeka, alituletea kisu na sufuria ya maji. Nilimwomba mjomba akwangue unga kidogo wa donge langu, akamulie limau. Ukatoa povu, ukichemka taratibu. Akakwangua jiwe lake, ambalo hata ukucha uliliingia, akakamua. Kimya. Akakamua tena, limau zima. Kimya.

"Hiyo limau yako imeoza," akasema.

Alitoa jivuni kipande alichokuwa amekichoma tangu juzi. Nilimweleza kwamba chokaa iliyoiva ikimwagiwa maji hupata joto na kupasuka. Akamwaga mwenyewe. Jiwe likanywa maji yote, likabaki baridi. Mwisho akatupa bonge kavu ndani ya sufuria kwa hasira, na bonge likaelea.

Mama Rebeka alipiga kelele. "Jiwe gani inaogelea?"

Mjomba hakucheka. Alikaa juu ya kigoda akalitazama likizunguka mle ndani.

"Miaka ishirini nachunga ng'ombe ya mtu," akasema polepole. "Nilitaka kitu moja tu niseme hii ni yangu, niliona mimi."

Nilitamani nimdanganye. Kwa kweli nilikaribia kumwambia ni chokaa, tujenge tanuri, iwe itakavyokuwa. Nikajizuia. Ni Mama Rebeka aliyesogea, akachovya kitambaa katika ule unga uliolowa wa jiwe la mjomba, akaanza kusugua beji kifuani pa mumewe. Weusi ukatoka, namba zikaonekana, na shaba ikang'aa hata ng'ombe zizini wangeiona.

"Basi ni dawa ya kung'arisha," mjomba akasema, akijitazama kifuani. Baadaye kidogo akaongeza, "Jumatatu nitapeleka ng'ombe malishoni."

Jumapili, kurudi. Alinisindikiza hadi kituoni beji ikiwaka juani, akaniwekea kikapuni mabonge matatu. Nilining'inia dirishani nikimpungia mkono mpaka nikaona doa la manjano tu. Mabonge hayo yaling'arisha vifungo vya makoti ya mafundi wenzangu kwa muda mrefu, na kila aliyeuliza nilimjibu kwamba hilo ni jiwe la mjomba wangu.

Nilijifunza kulipima jiwe kabla ya kulijengea tanuri. Lakini nilichelewa kujua lingine. Miaka mingi baadaye, mhandisi mmoja aliniona na kipande cha mwisho akaniambia kwamba jiwe hilo linachimbwa Kariandusi, mwendo mfupi tu kutoka kwa mjomba, na viwanda vinalihitaji kwa kuchujia na kung'arishia. Akanitajia jina lake.

Mjomba alikuwa ameshazikwa. Nilipanda gari hadi kaburini kwake, nikaweka kile kipande juu ya udongo. "Mjomba," nikamwambia, "linaitwa dayatomaiti. Uliona vizuri." Nikalitamka jina hilo tena, polepole, kama mtu anayemtambulisha mgeni kwa mwenye nyumba.