Mfalme Yu Hai au Kafa?

Kiwandani kwetu tunashona sare za shule, na mwenzangu wa cherehani ya pembeni tulimwita Kimya. Jina lilimkaa barabara. Ukimsalimu anaitika, ukimuuliza anajibu, ukimaliza kuuliza naye amemaliza. Mimi ambaye nikikaa bila kusema naumwa kichwa, nilipangiwa kukaa naye bega kwa bega, na niliona huo ni uonevu wa wazi.

Kumbe maneno anayo, tena ya kujaza gunia, ila alikuwa akiyapeleka kwingine. Wakati wa mapumziko, wengine tukila na kusengenyana, yeye alifungua simu na kuingia katika kikundi cha washabiki wa tamthilia moja ya mambo ya anga, inaitwa Miezi Saba. Huko hakuwa Kimya. Huko aliitwa Nahodha, na maelfu ya watu ambao hawajawahi kumwona hata kivuli chake walikuwa wakingoja neno lake.

Nilimchokoza mpaka akanieleza. Miezi Saba ni hadithi ya malkia anayemkimbia mumewe, Mfalme wa Barafu. Anaruka na chombo chake kutoka mwezi mmoja hadi mwingine, na kila anapotua anabadili jina na kunyoa nywele. Mfalme mwenyewe haonyeshwi hata mara moja. Zinaonekana nyayo zake, na pumzi yake kwenye kioo, basi. Washabiki wamegawanyika hapo. Timu Kaburi wanasema mfalme alikufa zamani na malkia anakimbizwa na hofu yake tu. Timu Mlango wanasema yu hai, anajua alipo, na siku moja atabisha hodi.

Kinara wa Timu Kaburi alikuwa Kimya. Nadharia yote ni yake, na aliitetea kwa hoja juu ya hoja. Mpinzani wake alikuwa mwanamke mmoja waliyemwita Mwanasheria, mwenye ulimi kama wembe. Walikuwa wakirushiana maneno mpaka chakula kinapoa.

"Yaani nyinyi watu wazima mnagombania mume wa mtu ambaye hata hayupo duniani?" nikamwambia.

"Amekufa," alijibu. "Lazima awe amekufa."

Nilicheka sana siku hiyo. Yeye hakucheka, na mimi sikuuliza kwa nini.

Washabiki hao wana mchezo wao, wanauita kuchungulia kona. Wanaisimamisha tamthilia, wanaikuza picha, halafu wanaipekua kona moja moja: kikombe, kivuli, herufi ukutani. Wanaamini mtunzi haweki kitu bure. Anayegundua jambo anashangiliwa kama mfungaji wa bao. Na wakishazoea kutazama hivyo, hawaachi. Hata picha ya paka wa mtu wataichungulia.

Sasa Kimya akachora ramani ya safari za malkia. Aliichora kwa chaki juu ya kitambaa cheusi cha sketi, pale kwenye meza ya kukatia, na kusema kweli ilipendeza mpaka mkataji akakataa kuifuta. Akaipiga picha, akaituma kikundini. Alikuwa mwangalifu: uso wake haumo, wangu haumo, saa ya ukutani haimo. Ila pembeni kabisa, juu kushoto, kulikuwa na ncha ya rundo la mashati, na shati la juu lina nembo ya shule mfukoni, picha ya jogoo.

Yeye aliyechungulia kona za watu miaka yote, yake hakuichungulia.

Tulikuwa tunatia mikono kwenye mashati nilipoona cherehani yake inakwenda bila nguo. Mguu umekanyaga, sindano inapanda na kushuka, chini yake hakuna kitu. Simu ilikuwa mapajani. Nikaisoma. Mmoja alikuwa ameitambua nembo. Mwingine akaitaja shule. Wa tatu akauliza nani anashona sare za shule hiyo, na wa nne akajibu, akataja mpaka mtaa wetu. Chini yake watu wamejaza mioyo na vigelegele. "Nahodha, tumekupata! Kumbe ni fundi! Tunakuja na keki!"

"Bahati yako," nikasema. "Mimi hata siku yangu ya kuzaliwa hakuna anayeikumbuka."

Akanitazama, na ule utani ukanikauka mdomoni. Sijawahi kuona mtu mzima anaogopa namna ile. Midomo ilikuwa imekuwa myeupe.

"Mume wangu anaitazama hii tamthilia," akasema. "Yeye ndiye aliyenianzishia."

Siku hiyo ndiyo Kimya aliponiambia maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuniambia. Ule mkono wake wa kushoto usionyooka, niliodhani amezaliwa nao, haukuwa wa kuzaliwa. Alitoka kwake mchana, mume akiwa kazini, akiwa na binti yake na mfuko mmoja. Huu wetu haukuwa mji wake wa kwanza kujificha. Nikamwambia twende polisi.

"Nilishakwenda, kule kule kwetu. Walimpigia simu yeye, aje anichukue."

"Na huko kikundini yeye yumo?"

"Ndicho nisichokijua, dada. Akiwemo, hasemi. Yeye ni mtu wa kusoma tu na kunyamaza."

Nikageuka nikautazama mlango wa kiwanda.

Akaifuta picha. Haikusaidia, watu walikuwa wameshaihifadhi. Akaandika kwamba wamekosea, yeye hajui kushona hata kifungo. Hapo ndipo alipoharibu kabisa, maana hao watu mtu akikana ndiyo wanathibitisha. Si ndivyo walivyofundishwa na tamthilia yao? Kila anayesema "si mimi" ndiye. "Anakana haraka mno," wakaandika. "Halafu amefuta picha. Kwa nini afute?" Na kila alipoomba waache, nadharia ilizidi kunenepa. Hawakuwa wabaya, na hilo ndilo lililonitisha. Walikuwa wanampenda.

Aliyemwokoa ni yule adui yake. Mwanasheria alimtumia ujumbe pembeni: "Mwenzangu, sikuulizi kitu, ila nasikia harufu ya moshi. Acha kukana. Jambo hawaliachi mpaka uwape uongo mtamu zaidi. Niachie mimi."

Kesho yake akajitokeza mbele ya kikundi kizima na kusema Nahodha ni yeye mwenyewe. Eti alikuwa na majina mawili, akibishana na nafsi yake ili mjadala unoge. Picha nayo eti aliipiga kwenye karakana ya shangazi yake, katika mji ulio mbali nasi kwa safari ya kutwa, na shule ya kule nayo ina nembo yenye jogoo. Akaweka mishale, akaweka duara jekundu. Walimtukana, wakamcheka, wakamwita mwendawazimu, lakini wakaamini, kwa sababu ilikuwa hadithi nzuri kuliko ile ya kweli. Yule mwanamke alijipaka matope mbele ya maelfu ya watu kwa ajili ya mtu asiyemjua hata sura.

Kimya akaanza tena kula. Hata mimi nikaanza kulala vizuri, ingawa kila mwanamume aliyesimama mlangoni kuulizia bei ya sweta nilimtazama kuanzia viatu. Nilidhani yamekwisha.

Halafu asubuhi moja, tukiwa tunasubiri umeme urudi, aliniletea simu. Mshabiki mmoja alikuwa ameandika kwa huruma tele. Eti amekutana na kaka mmoja mpole, mstaarabu, aliyesafiri mpaka kwenye ile karakana ya shangazi, akamkosa anayemtafuta. Alikuwa analia. Anasema Nahodha halisi ni mkewe, alipotea na mtoto, na mwandiko wa chaki ule anaujua. Anataka tu kujua kama wako salama. "Jamani, sisi ndio mabingwa wa kuchungulia. Tumsaidie huyu baba. Tuirudie picha upya, tangu mwanzo."

Chini yake majibu yalikuwa yanamiminika. Niko tayari. Nami pia. Maskini baba wa watu. Mmoja alikuwa ameshaandika kuwa siku zote yeye aliamini nembo ni ya ile shule iliyotajwa kwanza.

"Yu hai," Kimya akasema, kwa sauti ndogo sana.

Hatukungoja umeme. Nilimfungia mkasi wake na sketi mbili za binti ambazo hazijatiwa zipu. Mkataji alichukua kitambaa cheusi chenye ramani, akakitumbukiza kwenye ndoo ya maji na kukisugua mpaka maji yakawa meupe. Nikafuatana naye hadi shuleni kwa mtoto, mimi upande wangu wa barabara, yeye upande wake, nikiwatazama watu wote walio nyuma yake. Kila mtu alikuwa na simu mkononi. Sikuwahi kugundua kabla ya siku ile kwamba kila mtu ana simu mkononi.

Binti akatolewa darasani na kalamu bado vidoleni. Hakuuliza wanakwenda wapi. Alivua sweta yenye nembo mwenyewe, akaikunja, akanikabidhi, kama mtu aliyekwisha kufanya hivyo kabla.

Getini Kimya akanishika bega, akanisogelea sikioni.

"Dada, tunakwenda kwa..."

Nikamziba mdomo kwa kiganja. Mimi najijua. Nikijua jambo nitalisema, si kwa ubaya, nitalisema kwa mtu mpole atakayekuja akilia.

"Usiniambie," nikasema. "Nenda."