Masikio na Pampu ya Zamani

Fundi huyo walimwita Masikio, na jina hilo hakupewa bure. Enzi zake gari lilikuwa likiingia getini, yeye akiwa kalala chini ya gari jingine, anasema bila kunyanyua kichwa, "Silinda ya tatu haichomi." Wakifungua, wanakuta ni ya tatu kweli. Gereji waliachiwa na baba yao, yeye na mdogo wake, na walipoingia kwenye kazi ya magari ya tabo, yale yanayosukumiwa hewa ya ziada mpaka injini ndogo inavuta kama lori, wakanunua daino. Roli za chuma zikachimbiwa sakafuni. Gari linapandishwa juu yake, linafungwa mikanda, magurudumu yanazunguka papo hapo, na kioo cha ukutani kinaonyesha nguvu zake.

Daino hiyo ndiyo iliyommaliza. Ikifika kasi ya mwisho inatikisa mabati ya paa, na Masikio hakukubali kuvaa vizibo hata mara moja. Alisema fundi wa kuziba masikio ni sawa na mpishi wa kuziba pua. Sikio la kushoto likaanza kulia lenyewe kama lina mbu ndani. Kisha likanyamaza. La kulia nalo likafuata taratibu, mpaka ikawa mtu asipomtazama usoni, hajui kama anasemeshwa.

Alificha. Alijifunza kusoma midomo, akawa anaweka kiganja juu ya boneti na kukunja uso kama anayesikiliza. Aliyejua ni mkewe tu. Mke huyo ndiye aliyemwambia shemeji yake pembeni, akiwa na nia njema: "Mwangalie kaka yako pale kazini, shemeji. Hasikii tena. Asije akaumia."

Shemeji akaahidi. Alikuwa mtu wa mikono mizuri naye, lakini tangu ujana wake wateja walikuwa wakimpita mlangoni wakiuliza, "Masikio yupo?" Sasa amepata cha kuchezea. Mbele ya mafundi wenzao alikuwa akichezesha midomo bila sauti, kama anayeuliza swali zito, na kaka yake anajibu, "Ndiyo, ndiyo, nitaliangalia." Watu wanageuka ukutani kuficha vicheko. Wengine hata hawakujisumbua kuficha.

Siku moja akaja mkandarasi mmoja wa majengo na gari lake jeupe, ambalo alilipenda kuliko alivyowapenda watu wa nyumbani kwake. Alitaka tabo kubwa. Mdogo mtu akaifunga. Tabo kubwa inaleta hewa nyingi, na hewa nyingi inadai mafuta mengi. Kwa hiyo ilibidi pampu ya ndani ya tangi na nozeli zake zibadilishwe pia, la sivyo mafuta yanapungua mwako unapopamba moto, na pistoni zinaungua. Pampu mpya ilikuwa bado haijafika. Lakini mkandarasi alikuwa na haraka, akamwomba mdogo mtu pembeni lipimwe hivyo hivyo kidogo tu, aone linavyokwenda.

Masikio akapanda, akafunga mkanda. Kipimo cha mchanganyiko wa hewa na mafuta hakikuunganishwa, kwani yeye mwenyewe alikuwa akikikataa miaka yote, akisema masikio yake yanatosha. Angekitaka leo, watu wangeuliza kulikoni.

Mdogo wake alikuwa mbele ya gari, amempa mgongo, akikaza mkanda wa mwisho. Hapo hapo, kwa sauti ya kutosha gereji nzima, akasema, "Kaka, pampu bado ni ile ya zamani. Presha iwe ya chini, usikanyage mpaka mwisho."

Halafu akageuka, akatabasamu, akamwinulia dole gumba.

"Sawa," alisema Masikio.

Akakanyaga. Kioo kikaanza kupanda, naye moyo ukapanda nacho. Ilikuwa muda mrefu hajapata gari lenye nguvu kama lile. Wengine wote walisikia. Injini iligonga kwanza kidogo, kisha kama kokoto zinazotikiswa ndani ya debe. Mkandarasi akapiga kelele. Fundi mmoja akapunga mikono, lakini Masikio macho yake yalikuwa kwenye kioo, na mguu ulikuwa chini kabisa. Mdogo mtu alisimama amekunja mikono. Swichi ya kuzima daino ilikuwa ukutani, pale pale begani kwake.

Gari likaruka ndani ya mikanda, likazimika. Oili ikamwagika chini ya roli, moshi wa buluu ukajaa hadi mlangoni.

Masikio alishuka. "Mafuta yamekatika. Si uliniambia pampu iko tayari?"

"Uliambiwa ni ya zamani," mkandarasi alisema, amemsogelea mpaka pua zikakaribiana. "Ukajibu sawa. Wote hapa tumesikia."

Masikio aliisoma midomo hiyo yote, neno kwa neno. Akamtazama mdogo wake.

"Samahani sana, bosi," mdogo mtu akamwambia mteja, safari hii amegeukia vizuri ili kaka yake aone kila neno. "Kaka yangu ni kiziwi. Ana muda mrefu. Mkewe ndiye aliyenieleza, nikamsitiri kwa heshima ya damu. Kosa langu ni huruma."

Tangu siku hiyo Masikio hakukabidhiwa tena usukani. Alipewa kazi ya kufunga mikanda na kufuta oili. Jina la Masikio halikufutwa. Ndiyo kwanza lilinoga.

Nyumbani alimwadhibu mkewe kwa njia aliyoijua. Mke akianza kusema, yeye anageuza uso. Akizunguka mbele yake, anafumba macho. Mama wa watu alimshika mashavu, akalia, akamwandikia kwa kidole kwenye unga mezani. Masikio akaufuta kwa mkono. Mwishowe mke alifungasha nguo zake akaenda kwa dada yake. Kabla ya kutoka alisimama mlangoni akamweleza kila kitu, kwamba amechoka, kwamba amemsamehe, kwamba akimhitaji amfuate. Masikio alikuwa ameelekea dirishani, anachuna kucha. Aligundua jioni, alipokuta kabati liko wazi.

Hakumfuata, kwa sababu hakujua kama aliitwa. Asubuhi alikwenda gereji. Pampu mpya ilikuwa imefika, na mdogo wake akamwonyesha kwa vidole aifunge kwenye tangi la gari lile jeupe, lililokwisha kuwekewa injini nyingine. Aliifunga vizuri, bomba hadi bomba, bila tone kuvuja. Alipomaliza, mdogo wake alichukua spana, akamwita mkandarasi asogee, na mbele yake akalegeza kila nati na kuikaza upya.