Mimba ya Bibi Yangu

Jamani, kuna aibu zinazopungua kadiri siku zinavyokwenda, lakini hii yangu kila nikipita Ndosho, mtaa wa Goma, naikuta inaningoja palepale, kwa sababu wale akina mama wa kanisani wakiniona hawaniulizi masomo wala afya, wananiuliza, "Eliya, na bibi yako, alizala?" kisha wanashikana mabega na kucheka, na mimi nacheka nao, nifanyeje sasa.

Mimi ni mtu wa Njombe, nimelelewa na bibi, yaani mama yake mama yangu, maana wazazi waliondoka mapema na yeye ndiye aliyebaki na mimi. Kanisa letu liliponipeleka Goma kusoma afya ya jamii, kila mtu alinionya kuhusu Kifaransa, na kweli Kifaransa kilinitesa, ila kwenye Kiswahili nilijiona mfalme. Jumamosi nilijitolea na vijana wa kanisa huko Mugunga, tukiwafundisha kusoma watoto wa familia zilizokimbia vita, na huko (naona haya hata kusema) mtoto akisoma "mutu" namsahihisha, "si mutu, ni mtu," kidole juu kama mkaguzi wa shule. Watoto walikuwa wananitazama kwa huruma tu.

Sasa hata miezi mitatu sijamaliza, jioni moja mjomba akanipigia simu kwamba lile tumbo lililomsumbua bibi tangu kabla sijaondoka lina uvimbe, Jumatatu wanampasua, na daktari hakumficha kwamba kwa umri ule anaweza asiamke. Ilikuwa Jumamosi. Kutoka Goma mpaka Njombe hata ningeondoka saa ileile nisingemkuta kabla hajaingia chumba cha upasuaji. Mama Wivine, mjane niliyepanga chumba kwake, aliniuliza mbona sombe, kisamvu chao, naichezea tu kwenye sahani, nikamjibu nimechoka. Ningemwambia ukweli palepale, mambo yangeishia jikoni.

Kesho yake ibadani Pasta akasema mwenye ombi asimame. Watu wenye akili husimama walipo, wakainamisha kichwa, yakaisha. Mimi nikaona hapana, jambo la bibi ni kubwa, wacha niende mbele nishike kipaza sauti, na ombi lisikike kwa Kiswahili kilichonyooka.

Nikasema, "Ndugu zangu, bibi yangu yuko hospitali. Tumbo lake limekuwa kubwa sana, na kesho wanampasua."

Kanisa likaguna kwa huruma. Nikapata moyo, nikaendelea, kwamba hakuna mwanamke aliyewahi kunipenda kama yeye, kwamba tangu nikiwa mtoto tulilala kitanda kimoja, na kwamba nimemwacha kijijini peke yake nikaja kutafuta elimu. Hapo kwenye kitanda niliona mzee mmoja wa kanisa amemgeukia mwenzake, lakini nilidhani ni uchungu.

Pasta akaniuliza kwa sauti ya chini, "Iko na miezi ngapi?"

Mimi nikaelewa ameugua miezi mingapi. "Kama saba hivi, Pasta."

"Saba tu, na banamupasula. Bakristo, tusimame."

Wakaomba, na nisiseme uongo, sijawahi kuombewa namna ile. Walimlilia Mungu amlinde mama, amlinde na mutoto, na kila wakitaja mutoto mimi naitika "amina" kwa nguvu, nikijua mutoto ndiye mimi, nani mwingine? Walipomaliza, mama mmoja mnene aliyekuwa na mtoto mgongoni akamhamishia kwa jirani yake, akafungua kikwembe alichombebea, akaja kunitandikia mabegani. Nikaona ni desturi yao ya kumfariji mtu, nikapiga magoti kumshukuru.

Mama Wivine naye akasimama kwenye benchi la mbele, mikono kiunoni. "Eliya, unakulaka kwangu, unalalaka kwangu, na hukuniambiaka hata siku moja kama uko na bibi."

"Mama," nikasema (na kipaza sauti bado ninacho, ndugu zangu), "kila mtu ana bibi."

"Hapana kila mutu. Mutoto wangu wa kwanza anatafuta mpaka leo."

Nikashangaa, bibi anatafutwaje. Nikaona nimsaidie. "Mimi nilikuwa nao wawili, mmoja alifariki."

Pasta akanisogelea. "Bawili kwa mara moja? Na uko mulokole?"

"Ndiyo, Pasta. Na wao wote wawili waliokoka."

Hapo kuna mtu nyuma alipiga kofi moja la mshangao. Mama Wivine akanitazama muda mrefu, kama anavyotazama maharage akitafuta jiwe. "Huyu mugonjwa, iko na miaka ngapi?"

"Themanini na mbili."

Akakaa. Akasimama tena. "Eliya. Huyu mama, alizala nani?"

"Alimzaa mama yangu."

"Ooo," akasema polepole. "Ni tate yako. Huku bibi ni ule mwanamuke ulioa."

Sijui nani alianza kucheka, ila najua kwaya haikuweza tena kuimba, na Pasta aliinamia mimbari mabega yanamtetemeka. Nami nimesimama mbele na kikwembe cha kubebea mtoto shingoni, bingwa wa Kiswahili. Nilitaka kucheka pia, lakini nikakumbuka kwamba aibu au si aibu, kesho ni Jumatatu na bibi yangu anaweza asiamke, na kilichotoka kikawa ni kilio, kile kibaya cha mtu mzima.

Kicheko kikakatika. Mama Wivine akaja akanishika mkono. "Turudilie," akawaambia watu. "Tuliomba juu ya bibi. Sasa tuombe juu ya tate. Batate betu balibakia Masisi, hatujue hata kama beko bazima." Wakaomba upya, na safari hii walilia wao kuliko mimi. Mwishoni nikamrudishia yule mama kikwembe chake, akakataa. "Bakia nacho," akasema. "Tate pia anabebwaka."

Bibi aliamka. Siku alipopata nguvu ya kushika simu nikamsimulia yote, akacheka huku akiugulia mshono, akasema, "Waambie mtoto ametoka salama, mzito kwelikweli, ila hafanani na mtu."

Tangu hapo nimeapa simsahihishi tena mtoto wa mtu, na ugenini sishiki kipaza sauti kabla sijamsikilizisha Mama Wivine jikoni.

Likizo nilipofika Njombe miguu ya bibi ilikuwa haijamrudia vizuri, na yeye bila jua la asubuhi haoni kama kumekucha. Nikamfunga mgongoni kwa kile kikwembe nimtoe juani, yeye aliyenibeba mimi, akawa mwepesi mpaka nikaogopa. Majirani wakatoka kutazama, wakaniuliza kwa utani huyo uliyembeba ni nani. Nikawajibu, "Ni tate yangu," na hakuna aliyenielewa.