Vibuyu vya Felisita Luhende

Ubao ule ulikuwa mrefu kuliko mtu. Ulisimamishwa mlangoni mwa ukumbi wa maonyesho pale Nyashimo, na Felisita Luhende aliusoma wote akiwa juani. Ulieleza kwamba msanii Ulrike Brandner alizaliwa katika mji mdogo wa Ujerumani, binti wa mfamasia. Alisomea sanaa Berlin. Alichonga barafu, akaiacha iyeyuke mbele za watu, akasifiwa. Kisha, "akiwa peke yake karibu na Ziwa Viktoria, akagundua mshono wake."

"Peke yake!" Felisita alifoka.

Peke yake vipi? Misimu miwili ya mvua Ulrike alishinda uani kwake kule Mkula, akila michembe yake ya viazi vikavu na kumpiga picha mikono.

Mshono huo wa kuziba vibuyu Felisita alifundishwa na mama mkwe wake, mtu mkali aliyefumua kazi nzima kwa tone moja lililovuja. Mume alipofariki mapema, watoto wanne walilelewa kwa pamba na sindano yake ya shazia. Kibuyu cha maziwa kikipasuka, hata kule Malampaka watu walimwita mayu, yaani mama, wakasema, "Peleka kwa mayu Felisita." Yeye alitoboa kingo za ufa kwa msumari wa moto, akazishona kwa uzi wa kano ya ng'ombe. Miaka thelathini na saba ya kazi, na jina lake halikuandikwa popote ila katika daftari la parokia.

Ndani ya ukumbi vibuyu kumi na viwili viliwekwa juu ya meza nyeupe. Kila kimoja kilining'iniza ncha ya uzi, na karatasi ilisema: "Uzi ulioachwa huru, alama ya Brandner."

Alama yake vipi? Fundi wa vibuyu hakati uzi wa mwisho. Mwenye kibuyu hutia maziwa, akakilaza hadi asubuhi. Kisipovuja, huukata mwenyewe. Uzi usipokatwa, kazi haijapokelewa, na kibuyu bado ni cha fundi. Ulrike alipewa vile vibuyu ili avijaribu kwa maziwa. Yeye akapanda navyo ndege, na sasa amerudi navyo vikiwa sanaa yake.

"Mwangaluka, mayu!" Marcelo, mkalimani wa Ulrike, alimjia akitabasamu. "Umekuja kutuchezea ngoma ya ufunguzi?"

"Nimekuja kutafuta jina langu. Liko wapi?"

"Aa, mayu, ubao umechapwa Berlin. Lakini moyoni mwa Ulrike umo."

"Moyoni mwake sina macho ya kusoma. Nimesoma ubao."

Wanawake waliokaa mlangoni waliangua kicheko. Ulrike akaja mbio, akamkumbatia Felisita, akasema maneno mengi.

"Anasema wewe ndiye uliyemwamsha," Marcelo alitafsiri. "Maonyesho yajayo ataandika, 'Kwa msaada wa wanawake wa Mkula.'"

"Wanawake wa Mkula walikuwa wanapalilia pamba! Muulize, katika hivi kumi na viwili, yeye alishona vingapi?"

Marcelo akauliza. Ulrike alitazama sakafu, kisha akainua kidole kimoja.

Felisita akatandika khanga chini na kuanza kushusha vibuyu.

"Mayu, hivyo ni mali ya maonyesho! Vina bima!"

"Marcelo, wewe mama yako ana ng'ombe. Nionyeshe uzi uliokatwa."

Marcelo alitazama nyuzi zile, moja baada ya nyingine. Akasogea pembeni. Wanawake wa mlangoni walikuwa wameshaingia. Mmoja akabeba viwili, mwingine vitatu.

Kikabaki kibuyu kimoja mezani. Mshono wake ulipinda kama njia ya mlevi. Mkono wa Felisita ulikwenda wenyewe kutaka kuunyoosha, naye akaurudisha.

"Hicho ni chake kweli," alimwambia Marcelo. "Mwambie akitie maziwa, aone."

Akajitwisha furushi lake, akatoka.