Nilivyolitazama Tumbo la Jocilene

Jocilene alikuja kwenye banda letu la kuchanganya chakula cha samaki akiwa na mimba ya mume wangu. Sisemi aliyekuwa mume wangu, padri hajatutenganisha. Alikuwa binti wa muuza tapioka, vile vichapati vya wanga wa muhogo, wa hapa hapa jimboni Ceará, mcheshi, mwepesi wa mikono, na bwana Abdias mwenye mabwawa alimweka mbele yangu, tukande kwenye turubai moja.

Kazi yetu ni hii. Unga wa homoni unayeyushwa kwenye spiriti, unamwagwa kwenye pumba laini, tunakanda mpaka ushike kote, kisha tunaanika kivulini. Vifaranga vya sato hulishwa chakula hicho wakiwa bado wadogo kama ukope, na hata waliokuwa wawe majike wanageuka madume. Abdias anataka madume tu, maana jike akianza kutaga hanenepi. Glavu zilichanika zamani. Alisema mkono mtupu ndio unaohisi mabonge.

Nimekanda unga huo tangu ujana. Mimba zangu zote zilitoka. Kama ni unga au ni Mungu, sijui, sikusoma. Mume wangu, Erivaldo, aliniita shamba la chumvi, akaondoka. Lakini nilipoiona mikono ya yule msichana imezama mpaka viwiko, niliacha kukanda. Kitu kinachomgeuza samaki jike kuwa dume kitamfanya nini kiumbe ambaye hajaota hata kucha?

Nilimwambia aache. Nilimwambia kwa upole, na upole si kawaida yangu. Akacheka, akawageukia wenzetu wasikie. "Bi Marluce, mume umemkosa, sasa unaitaka na kazi yangu?" Nikamwendea Abdias, naye akaniambia nichanganye chakula, nisichanganye watu.

Usingizi ukaniruka. Kisha nikagundua kwamba kila nikimtazama anajifunika tumbo kwa aproni, na mkononi amefunga uzi mwekundu. Alikuwa amekwenda kwa bibi mganga anayewaondolea watu kijicho kwa matawi, akaambiwa ajihadhari na jicho la mwanamke asiye na mtoto.

Basi nikampa hilo jicho. Nililikodolea macho tumbo lake asubuhi nzima. Na hata mimi naliamini jicho. Je, kama ninamuua mtoto kwa kitu kile kile ninachomwokolea? Kabla ya chakula cha mchana Jocilene aliinuka, akanawa mikono huku analia, akaenda zake. Hakurudi tena.

Sasa akina mama wakiniona njiani wanawavuta watoto wao nyuma ya sketi. Hilo nalivumilia. Lakini Jumapili baada ya misa Erivaldo alisimama mlangoni kwangu, kofia kichwani, kahawa hakuitaka. Akasema taratibu, "Marluce, mtoto akizaliwa na kasoro hata ya kidole, nitajua ni nani. Na polisi sitakwenda."

Nikamweleza habari ya unga. Akacheka kama alivyocheka Jocilene.

Jocilene bado hajajifungua. Alikuwa amekwisha kukanda wiki kadhaa kabla sijamtisha, na hakuna anayejua wiki hizo zilifanya nini mle ndani. Mimi naendelea kukanda, kazi nyingine sina. Mlango ukigongwa, sifungui mpaka nisikie sauti ni ya nani.